Je, ukwato hubebaje uzito wa punda?

Simama asubuhi kando ya barabara Kaptembwa, Nakuru, uwatazame punda wa mikokoteni wakipita na mitungi ya maji. Mnyama mzima juu ya kwato zenye upana wa kikombe cha chai! Ungeapa kwamba uzito wote unalalia unyayo. Sivyo. Ndani ya ukwato mfupa umening'inia.

Farasi, punda, hata pundamilia wa pale mbuga ya Ziwa Nakuru, hutembea kwa kidole kimoja kila mguu, kile cha kati, tena kwa ncha yake. (Hilo unaloliita goti la mbele ni kifundo cha mkono.) Ukwato wenyewe ni ukucha wa keratini kama wako, ila ni mnene na umekizunguka kidole.

Mfupa wa mwisho wa kidole hushikwa kwenye ukuta wa ukwato na mikunjo myembamba ya nyama, iliyojipanga kama kurasa. Farasi ana karibu 600 kila mguu, na kila mkunjo una vikunjo vidogo zaidi ya 100. Hii ya nyama huingiliana na mingine ya ukucha. Chukua vitabu viwili, pishanisha kurasa zao moja moja, kisha jaribu kuvitenganisha. Utatoka jasho. Hivyo ndivyo farasi wa kilo 500 anavyobebwa: uzito hutoka mfupani, hupita mikunjoni, hushuka na ukuta hadi ardhini.

Nyuma kuna kazi nyingine. Mguu ukitua, kisigino hutanuka kidogo, na ile pembetatu laini kama mpira iliyo chini husaidia kupunguza kishindo, huku damu ikisukumwa kurudi juu. Miguu ya mbele hupokea takriban asilimia 60 ya uzito, maana kichwa na shingo viko huko.

Sasa utaelewa kwa nini punda aliyevamia gunia la mahindi usiku anaweza kuchechemea bila kujikwaa popote. Wanga mwingi huvuruga tumbo, mikunjo huvimba na kulegea, na mfupa huanza kuzama. Ukucha usiokatwa nao una hatari yake: ncha ikirefuka mbele, kila hatua huubandua ukuta polepole. Ukimwona ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha na hataki kusogea, mfungue mkokoteni na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.