Wosia haurukwi aya

Nafundisha gitaa Sinza, na mwezi huu nimeambiwa tena, mara ya tatu: "Mwalimu, hawa wa roki ya progresivu wanajipigia tu. Wimbo dakika kumi na tano, kiitikio hakijulikani kilipo." Aliyesema hivyo alikuwa kasikiliza sekunde arobaini kwa spika ya simu, ndani ya daladala. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Roki ya progresivu ni roki ya nyimbo ndefu zinazobadilika njiani, na mpango upo, tena mkali. Chukua albamu The Last Will and Testament ya Opeth, bendi ya Sweden, iliyotoka Novemba 2024. Baba tajiri amefariki, watoto watatu wameketi kusomewa wosia. Kikao cha namna hiyo wengi wetu tumekikalia: bahasha mezani, kila mtu kimya, macho kwa anayesoma. Nyimbo saba za mwanzo hazina majina. Zina alama ya aya na namba, kama hati yenyewe. Ian Anderson wa bendi ya Jethro Tull yumo akisimulia, na filimbi yake imo pia. Mwimbaji wao, Mikael Åkerfeldt, amerudisha ile sauti ya kunguruma ambayo haikuwemo katika albamu zao tangu ya 2008. Wimbo wa nane ndio pekee wenye jina, na una siri ambayo wosia wenyewe haukuitaja. Muziki unageuka ghafla kwa sababu habari inayosomwa imegeuka. Ukiruka wimbo wa tatu umeruka aya ya tatu, na hapo huwezi kujua nani anarithi na nani anakanwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba masikio haya tunayo tayari. Dansi la wazee wetu lilianza taratibu, beti baada ya beti, kisha magitaa yakachemka hadi mwisho. Katika taarabu asilia, fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi, hutangulia kitambo kirefu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hakuna aliyesema hawana mpango.

Jumamosi nilimkalisha kijana mmoja na albamu The Overview ya mwanamuziki Mwingereza Steven Wilson, ya Machi 2025: nyimbo mbili tu, dakika kama 42, kuhusu kinachompata mwanaanga akiitazama Dunia kutoka juu. Nilimpa karatasi, achore mstari kila muziki unapogeuka. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, pembeni mwa mistari alikuwa ameandika "imerudi" sehemu mbili, akimaanisha melodi aliyokwisha kuisikia. Alikuwa ameusikia mpango bila mimi kumweleza neno.

Malalamiko mengine nayajibu kwa kifupi.

"Ni muziki wa shetani." Hili huletwa na wazazi. Theocracy, bendi ya Marekani ya pawa metali, yaani metali ya kasi yenye melodi kubwa, huimba imani ya Kikristo waziwazi. Albamu yao Mosaic ni ya 2023. Mzazi asome maneno kwanza, ndipo tuzungumze.

"Pawa metali ni kelele tupu." Ngoma inayopigwa kwa miguu miwili inakwenda mbio, ndiyo, lakini juu yake kuna melodi ya kuimbwa na uwanja mzima. Sikiliza Giants & Monsters ya Helloween, bendi ya Hamburg, Ujerumani, Agosti 2025. Wana waimbaji watatu. Kama kiitikio hakikukukaa kichwani, rudia ukiwa umetulia.

"Si muziki wetu watu weusi." Tosin Abasi, mpiga gitaa wa bendi ya Animals as Leaders, ni mtoto wa wazazi wa Kinigeria, na wapiga gitaa duniani kote wanahangaika kumfuata. Anza na albamu yao Parrhesia, 2022.

"Ufundi ni kasi." Wanafunzi wananiletea Parasomnia ya bendi ya Dream Theater, ya Februari 2025, wakitaka solo za mpiga gitaa John Petrucci kabla hawajaweza kushika mapigo saba bila kupotea. Albamu hiyo ndiyo ya kwanza kwa mpiga dramu Mike Portnoy kupiga nao tangu 2009, kwa hiyo sikiliza dramu! Piga meza kwa kiganja, hesabu moja hadi saba kwa sauti, metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, ikiwa 60 kwa dakika. Fanya hivyo wiki nzima, gitaa likiwa ndani ya mfuko wake.

Bando likiwa dogo, pakua usiku. Tumia visikizi vya waya, zima kitufe cha kuchanganya nyimbo, anza na Opeth kutoka aya ya kwanza. Ikiisha, irudie siku hiyohiyo, na safari hii fuata besi peke yake.