Je, wajua kwa nini betri ya kuchaji iliyojaa huonekana pungufu kwenye detekta?

Kwa wanaotafuta dhahabu kwa detekta, yaani mashine ya kutambua madini ardhini, katika kanda ya kati, iwe Nholi wilayani Bahi au Sekenke mkoani Singida, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa tangu enzi za Wajerumani, ubishi wa betri haukosekani. Mmoja ametia betri za kuchaji zilizotoka kwenye chaja muda huo huo, anawasha mashine, na alama ya betri haijai. Mwenzake ametia mpya za dukani, zile za kutupa, na alama imejaa pomoni. Hapo husemwa kwamba za kuchaji hazina nguvu na mashine haioni dhahabu iliyo chini. Si kweli, na imani hiyo inawamalizia wachimbaji fedha ambazo zingenunua chakula cha kambini.

Mashine kubwa kama GPX 5000 ya Minelab huja na betri yake ya lithiamu. Ubishi huu unahusu detekta zinazotumia betri za AA, zile za rimoti na saa ya ukutani. Garrett ACE 250, kwa mfano, hutumia nne.

Betri ya kutupa ya alkalaini huanza na volti 1.5. Ya kuchaji ya nikeli, iliyoandikwa NiMH, hutambulika kwa volti 1.2. Nne za alkalaini zinatoa volti 6, nne za kuchaji 4.8. Alama ya betri kwenye mashine nyingi hupima volti tu, na imepangwa kwa kufuata alkalaini, kwa hiyo ikiona 4.8 inadhani mzigo umeshaliwa.

Lakini alkalaini haibaki kwenye 1.5. Inashuka tangu dakika za mwanzo, na ikifika karibu nusu ya kazi yake huwa kwenye 1.2 au pungufu, kisha inaendelea kuteremka kuelekea 0.9. Ya nikeli ina tabia nyingine: inasimama karibu na 1.2 kwa sehemu kubwa ya safari. Mtengenezaji wa detekta alijua alkalaini itashuka, ndiyo maana mashine ikaundwa ifanye kazi vizuri hata volti zikiwa 4.8.

Na kina je? Ndani ya detekta nyingi kuna saketi inayotuliza volti kabla umeme haujafika kwenye koili, ile sahani inayopitishwa juu ya udongo. Koili inapata kiwango kile kile hadi betri zitakapochoka kabisa. Punje ya dhahabu iliyoonekana kwa alkalaini itaonekana pia kwa nikeli. Kinachobadilisha kina ni ukubwa wa koili, madini ya chuma kwenye udongo, na mkono wa anayeitembeza.

Kasoro ya kweli ya nikeli iko mwishoni. Kwa kuwa haishuki taratibu, haikuonyi mapema. Alama inakaa pale pale, halafu mashine inazima kwa ghafla. Kwa hiyo tembea na seti ya pili iliyojaa, na weka alama kwa kalamu ili seti zisichanganyike. Betri moja iliyochoka kati ya nzima huishiwa mapema, na nzima zikaendelea kuisukuma hadi ikaharibika.

Kuzichaji si shida kubwa huku kwetu. Betri nne za miliampea-saa 2000 (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) zinabeba takribani wati-saa 10 kwa jumla. Paneli ya wati 20, kwa jua la Dodoma, inazijaza ndani ya saa chache ukiwa na chaja inayofaa, hata kama kambi iko mbali na nguzo za umeme. Chaja iwe kivulini, maana betri ikipata joto kali haijai vizuri na umri wake unafupika. Ukinunua, tafuta zile zinazotunza chaji. Nikeli za zamani hupoteza sehemu kubwa kwa mwezi mmoja zikiwa zimelala tu. Na AA ya nikeli iliyoandikwa 4000 iache dukani. Za kweli haziendi mbali zaidi ya 2700 hivi.

Kuna pia AA za kuchaji za lithiamu zenye volti 1.5. Zinavutia kwa sababu alama inajaa, lakini ndani yake kuna kisaketi cha kushusha volti, na kisaketi hicho kinaweza kutoa kelele za umeme zinazosumbua detekta. Sizipendekezi kwa kazi hii. Betri rahisi za zinki na kaboni nazo zina uwezo mdogo, na kopo lake la zinki linaliwa kadiri inavyotumika mpaka maji yake yanatoka.

Alkalaini ina nafasi yake, hilo lazima niliseme. Inakaa miaka stoo bila kupoteza nguvu nyingi, na anayetoka na detekta mara mbili kwa mwaka hana sababu ya kununua chaja. Hata mwenye nikeli afunge seti moja ya alkalaini kwenye mfuko kwa siku ya mawingu. Ila usiiache ndani ya mashine msimu wote wa mvua: ikivuja, inakula vyuma vya kushikia betri. Ikishavuja, toa betri, futa ule unga mweupe kwa pamba yenye siki au maji ya ndimu, kausha kabisa, kisha ndipo utie nyingine.