"Nina miaka kumi na mbili jeshini, hii nitaishika tu"

Kila kozi ya kubadili fani inapofunguliwa, sentensi hiyo haikosi. Husemwa na koplo au sajenti aliyekwenda Somalia mara mbili, mkono mfukoni, daftari hana. Wiki ya tatu mtu huyo huyo anaulizia gari la kurudi kikosini. Hajafukuzwa kwa utovu wa nidhamu wala kwa kuchoka mbio. Amekwama kwenye sehemu, yaani nusu, robo na thumni.

Kabla ya yote, tawi na fani ni vitu viwili. Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2025 inataja matawi manne: nchi kavu, anga, vikosi maalumu na akiba. Askari wa miguu anayekwenda mizinga au vifaru amebadili fani tu, bado yuko nchi kavu. Anayekwenda anga amehama tawi. Andika barua yako ukijua unaomba lipi, maana barua inayosema "nataka kubadilishwa" bila kutaja fani wala kozi hubaki kwenye faili.

Dhana: uzoefu wa vita unatosha, darasa ni karatasi tu

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayowaangusha watu wazuri. Uzoefu una faida zake: unajua kusoma ramani, hutetemeki ukisikia mlio, unaweza kukaa macho zamu nzima. Lakini fani ya kiufundi haikupimi kwa hayo.

Chukua mizinga. Askari wa miguu amezoea duara la digrii 360. Mzinga wa asili ya Kirusi una darubini iliyogawanya duara hilo hilo katika mili 6000. Dira nyingi za nchi za Magharibi hugawanya katika mili 6400. Sasa mwangalizi mwenye dira ya 6400 anasoma 1600, yaani digrii 90 kamili, anaitoa redioni bila kusema ni ya mfumo upi. Kwenye mzinga wa 6000, namba 1600 ni digrii 96. Tofauti ya digrii 6, kwa shabaha iliyo kilomita 10, inalipeleka kombora zaidi ya kilomita moja pembeni. Huko pembeni pana nini? Labda kijiji, labda platuni yenu wenyewe. Kuigeuza namba hiyo ni hesabu ya uwiano: 1600 mara 6000, gawanya kwa 6400, unapata 1500. Mtoto wa S.2, kidato cha pili, anaifanya. Mzoefu wa miaka kumi na mbili aliyeiacha shuleni haifanyi, na fahari yake haimruhusu kuuliza.

Redio nayo ni vivyo hivyo. Kila mtu kikosini anajua kubonyeza na kusema "over". Fani ya mawasiliano huanzia pale redio inapokataa. Urefu wa antena ya robo ya wimbi, kwa mita, ni 75 ukigawanya kwa megahezi unazotumia. Kwenye megahezi 50 unahitaji mita moja na nusu. Kwenye megahezi 5 unahitaji mita 15, na hapo huna fimbo tena, unatafuta waya na mti. Masafa ya juu, yale ya megahezi 30 kwenda mbele, husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo Mlima Elgon ukiwa katikati hupati mtu hata upige kelele. Yale ya chini hupanda na kurudishwa na tabaka za anga, lakini usiku tabaka hizo hubadilika na inabidi ushuke kwenye masafa ya chini zaidi. Asiyejua hayo hubadilisha betri mara tatu, kisha anaripoti kwamba mtambo umekufa.

Kuna pia tatizo la mazoea, nalo ni baya kuliko kutojua. Porini, askari anayefunga kitu kilichovunjika kwa waya na kamba ya mpira anasifiwa kuwa fundi. Kwenye helikopta, huyo ni hatari. Waya wa kuzuia nati isilegee hutumika mara moja, ukifunguliwa unatupwa. Pini ya kufuli ni hivyo hivyo. Nati hukazwa kwa spana yenye kipimo mpaka namba iliyoandikwa kitabuni, si "mpaka mkono usikie". Kila kifaa kina nafasi yake iliyochorwa ubaoni, na bisibisi moja isipoonekana ndege hairuki mpaka ipatikane, hata kama kamanda amesimama anatazama saa. Kuruta hana mazoea ya kuacha, kwa hiyo hufundishika haraka. Mzoefu inabidi kwanza ayavue.

Vifaru? Dereva wa lori la Kamaz hudhani amemaliza nusu ya kozi. Kifaru cha T-55 hakina usukani. Kina vishikio viwili, kila kimoja kinaongoza mnyororo wa upande wake, na dereva akifunga mlango huona mbele kupitia vioo vya periskopu tu. Tena anaingia kwenye timu ya watu wanne, au watatu kwa T-90 kwa sababu mzinga wake hujipakia risasi wenyewe. Ujanja wa dereva wa pekee haufiki mbali humo.

Tiba ni ya bei rahisi, na watu huidharau kwa sababu ni ya bei rahisi. Miezi mitatu kabla ya kozi, tafuta kitabu cha hesabu cha S.1 na cha S.2. Fanya sehemu, uwiano, pembe, kugeuza fomula na kusoma grafu. Maswali 20 kila jioni, kwa penseli, bila kikokotoo. Kikokotoo kije mwezi wa tatu. Halafu Kiingereza. Kiswahili cha kwata kinakutosha uwanjani, lakini vitabu vya mitambo havikuandikwa kwa Kiswahili. Soma kurasa mbili za kitabu cha mashine yoyote kwa siku, hata ya jenereta, uandike kila neno usilolijua. Anayefanya haya hupita, hata kama alimaliza shule mwaka 2005. Anayenunua buti mpya badala yake harudi na cheti.

Dhana: nikibadili fani nitarudishwa kuwa kuruta

Hapana. Cheo hushushwa kama adhabu, hakishushwi kwa sababu umekaa darasani. Usichokwenda nacho ni wadhifa. Sajenti aliyekuwa anaongoza watu 30 atafundishwa na koplo, na darasani koplo huyo ndiye mwenye neno. Kama hilo litakuuma, baki ulipo. Kuwa afisa ni njia nyingine kabisa: hapo unaingia kozi ya kadeti kwenye chuo cha jeshi cha Kabamba, na miaka yako haikuondolei hata asubuhi moja ya kwata.

Dhana: anga ni urubani

Kwa kila anayeshika usukani wa ndege kuna mafundi wa injini, wa umeme, wa silaha, watu wa mafuta, wa rada, wa zimamoto. Huko ndiko mzoefu ana nafasi. Na kabla ya kuota chochote kapimwe macho kwa zile picha za vidoto vya rangi. Upofu wa rangi wa kuzaliwa hauna mazoezi wala dawa, na fundi wa umeme asiyetofautisha waya mwekundu na wa kijani hafai. Masikio pia: waliokaa karibu na mizinga bila kinga wengi wamepungukiwa kusikia na hawajui.

Dhana: mimi ni mganga wa platuni, kwa hiyo ni nesi

Kufunga jeraha chini ya risasi ni ujuzi mkubwa, lakini haukuandikishi kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga. Cheti cha uuguzi ni miaka miwili na nusu, na mlango wake ni matokeo ya S.4 yenye Kiingereza, hesabu, baiolojia, kemia na fizikia. Huna kemia? Karudie mtihani kwanza, usipoteze barua.

Dhana: polisi ni serikali hiyo hiyo, navuka tu

Jeshi na polisi vina sheria mbili na mafunzo mawili. Wanaotajwa kama mfano, akiwamo Jenerali Kale Kayihura aliyekuwa Inspekta Jenerali kuanzia 2005 hadi 2018, walikuwa wanajeshi waliopewa kazi polisi. Hawakuomba kazi getini. Askari wa kawaida anayetaka polisi huomba kuachishwa jeshi kwa utaratibu, anapata karatasi zake, kisha anaomba kama raia, kwa masharti ya umri ya raia. Anayeondoka bila karatasi ni mtoro, na kosa hilo linamfuata.

Dhana: afande fulani atanivuta

Afande anaweza kukuvuta mpaka mlangoni. Mlangoni wanasoma majina. Barua hupita kwa kamanda wa kombania, batalioni, brigedi au divisheni, ndipo makao makuu. Kila ngazi iandike maoni, nawe ubaki na nakala yenye mhuri. Ambatisha namba ya jeshi, tarehe ya kuingia, kozi zote na matokeo yaliyothibitishwa na UNEB, baraza la mitihani. Kinachokwamisha wengi ni jina: cheti cha S.4 kina jina moja, kitambulisho cha taifa kina jingine, na jeshini aliingia kwa jina la utani la babu yake. Hati ya kubadili jina husajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na hilo huchukua muda. Lianze kabla hujaandika barua, maana kozi haingoji Gazeti.