dotnet --list-sdks: inaorodhesha nini hasa?

Anayeandika programu kwa lugha ya C# hukutana na amri hii mapema, na mara nyingi ni kwa sababu kitu kimegoma. Amepakua mradi wa mtu kutoka GitHub, amejaribu kuujenga, na kompyuta imemjibu kwamba SDK (kifurushi cha zana za kutengenezea programu) inayofaa haikupatikana. Akiomba msaada, jambo la kwanza atakaloambiwa ni: "Hebu endesha dotnet --list-sdks, halafu utuoneshe majibu."

Majibu yenyewe ni mafupi. Kwenye Windows yanaweza kuwa hivi:

6.0.428 [C:\Program Files\dotnet\sdk]
8.0.404 [C:\Program Files\dotnet\sdk]
9.0.101 [C:\Program Files\dotnet\sdk]

Kila mstari ni SDK moja: kwanza namba ya toleo, kisha folda ilimowekwa. Basi. Hakuna tarehe, hakuna ukubwa, wala hakuna alama inayoonesha ni ipi kati ya hizo itakayotumika ukianza kujenga mradi wako. Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya wengi, nitalirudia.

Kwa .NET, jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu, ndani ya kifurushi cha SDK mna kompaila ya C# (inayogeuza msimbo kuwa programu), MSBuild inayosimamia ujenzi wa mradi, NuGet inayoleta maktaba za nje, violezo vya kuanzishia miradi mipya, na amri kama dotnet build na dotnet publish. Rantaimu ni kitu kingine: kazi yake ni kuendesha programu ambayo tayari imeshajengwa. Ni kama utangazaji: msikilizaji anahitaji redio tu, hahitaji studio. Ila ukiingia studio yoyote utaikuta redio humo. Ndivyo ilivyo hapa. Ukisakinisha SDK unapata na rantaimu yake, lakini ukisakinisha rantaimu peke yake, dotnet --list-sdks itanyamaza kimya bila kuonesha mstari wowote. Seva nyingi ziko hivyo, na hakuna kilichoharibika. Za rantaimu zina amri yao, dotnet --list-runtimes, ambayo hutaja majina kama Microsoft.NETCore.App na Microsoft.AspNetCore.App. Amri zote mbili zilikuja na .NET Core 2.1 mwaka 2018.

Sasa tuzisome namba, maana si za kawaida. Chukua 8.0.404. Sehemu mbili za mwanzo, 8.0, zinalingana na rantaimu. Sehemu ya tatu hailingani. Tarakimu yake ya mamia, yaani 4, ni kundi la vipengele. Mbili zinazobaki, 04, ni kiraka, yaani toleo la marekebisho, ndani ya kundi hilo. Makundi haya hufuatana na matoleo ya Visual Studio, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo: 8.0.100 ilitoka pamoja na Visual Studio 17.8, na 8.0.400 pamoja na 17.11. Ndiyo maana mwezi Novemba 2024, rantaimu moja, 8.0.11, ilitolewa ndani ya SDK tatu tofauti: 8.0.111, 8.0.307 na 8.0.404. Mtu anayedhani 404 ni mbele sana kuliko 111 anakosea kwa upande wa rantaimu, kwa sababu zote zina marekebisho yaleyale ya usalama. Kwa maoni yangu huu ni mpangilio mbaya wa namba, lakini ndio uliopo, na ukishaujua hausumbui tena.

Amri inaipataje orodha hiyo? Hapa ndipo penye siri ya karibu matatizo yote. Haiulizi rejista ya Windows. Haiulizi apt wala msimamizi mwingine wa vifurushi. Haipekui diski. Programu ya dotnet hutazama tu folda iitwayo sdk iliyo kando yake yenyewe, ikasoma majina ya folda ndogo zilizomo, na kuyaandika yale yanayosomeka kama namba ya toleo na yenye faili zinazotakiwa. Kwa hiyo swali inalolijibu ni jembamba kuliko tunavyolidhania. Haisemi "kompyuta hii ina SDK zipi". Inasema "dotnet hii uliyoiita inaona SDK zipi jirani yake". Na kompyuta moja inaweza kuwa na dotnet mbili au tatu.

Mfano ulio maarufu ni wa Windows. Kuna dotnet ya biti 64 ndani ya C:\Program Files\dotnet, na ya biti 32 ndani ya C:\Program Files (x86)\dotnet. Programu fulani ikisakinisha rantaimu ya biti 32, folda ya pili huweza kutangulia kwenye PATH, yaani orodha ya mahali Windows inapotafuta amri. Kuanzia hapo, ukiandika dotnet unaita ile ya biti 32, ambayo haina SDK hata moja. Orodha inarudi tupu. Mwenye kompyuta anapakua SDK upya, mamia ya megabaiti ya bando yanateketea, na orodha bado tupu. Dawa ilikuwa kuandika where.exe dotnet, kuona ipi imetangulia, na kubadili mpangilio wa PATH.

Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ina sura yake ya tatizo hilohilo. Vifurushi vya Ubuntu wenyewe huweka .NET ndani ya /usr/lib/dotnet, ilhali vya Microsoft huiweka ndani ya /usr/share/dotnet. Ukichanganya vyanzo hivyo viwili, SDK inaweza kukaa upande mmoja na dotnet unayoiita ikawa upande wa pili. Ukitumia skripti ya dotnet-install, nayo huweka kila kitu ndani ya ~/.dotnet, mahali pa tatu. Kwenye Linux na Mac, which dotnet ndiyo ya kuanza nayo.

(Zamani kwenye Windows, dotnet iliyowekwa kando ya mradi iliweza pia kuchungulia ile ya mfumo mzima. Utaratibu huo uliondolewa kuanzia .NET 7, kwa hiyo majibu ya zamani ya mtandaoni yanayoutegemea usiyafuate.)

Turudi kwenye swali la ipi itatumika. Kama hujaelekeza lolote, dotnet huchagua SDK yenye toleo la juu kabisa kwenye orodha, hata kama ni ya majaribio. Kinachobadilisha hilo ni faili la global.json, ambamo mradi hutaja toleo la SDK unalolitaka. Dotnet hulitafuta kwenye folda uliyomo, kisha kwenye folda iliyo juu yake, na kuendelea kupanda hadi mwanzo wa diski. Likiwa limeandikwa toleo 8.0.100 bila maelezo mengine, dotnet itakubali kiraka kipya zaidi cha kundi lilelile, mathalani 8.0.111, lakini haitakubali 8.0.404. Hapo ndipo mtu anapoona orodha ina 8.0.404 na bado anaambiwa SDK haijapatikana. Ukiongeza kipengele cha rollForward chenye thamani latestFeature, makundi ya juu ya 8.0 nayo yanaruhusiwa. Kwa sababu hii, ninaposaidia mtu huwa naomba majibu ya amri mbili: dotnet --list-sdks na dotnet --version, ya pili ikiendeshwa ndani ya folda ya mradi wenyewe. Ya pili hutaja SDK iliyochaguliwa hapo ulipo. Ukiiendesha kwenye folda nyingine unaweza kupata jibu jingine kabisa.

Orodha ikiwa ndefu, si lazima uihifadhi yote. SDK ya 9 inaweza kujenga mradi unaolenga net8.0 au net6.0 (yaani .NET 8 au .NET 6), kwa hiyo kwa kujenga, ya zamani inahitajika tu pale global.json inapoidai. Kwenye Windows na Mac kuna zana ya Microsoft iitwayo dotnet-core-uninstall kwa kazi ya kuondoa. Zile zilizoletwa na Visual Studio ziondoe kupitia kisakinishi cha Visual Studio. Tangu .NET 6 kuna pia dotnet sdk check, ambayo hupitia orodha ileile na kusema ipi ina kiraka kipya na ipi imekwisha muda wa kuhudumiwa. Ile 6.0.428 ya hapo juu itatajwa kwenye fungu la pili, kwani huduma ya .NET 6 ilisitishwa tarehe 12 Novemba 2024.