Kuharisha, meno, homa na kikohozi: tunayoamini na yalivyo

"Mtoto anayeharisha asipewe maji, yatamzidishia." Kwangu hii ndiyo mbaya kuliko zote. Hatari ya kuharisha ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini bila kurudishwa, na ukimnyima maji unaharakisha kukauka. Anayenyonya anyonye mara nyingi zaidi. Anayekula aendelee kula.

ORS, ile dawa ya chumvichumvi, ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, si kwa kukisia. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza upya: kijiko cha chai kimoja kila dakika moja au mbili. Inachosha, mkono utakufa ganzi, lakini kijiko hutulia tumboni pale kikombe kizima kingerudi chote. Zinki nayo, madini yanayosaidia kuharisha kuisha mapema, hutolewa siku 10 hadi 14 kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Wengi huiacha siku ya tatu, choo kikishaanza kushika, wakati dozi bado. Dawa za watu wazima za kufunga tumbo usimpe kabisa. Ukiona macho yamezama, hakojoi, amelegea, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi, au kuna damu kwenye choo, nenda hospitali.

"Ni meno tu." Jino linapochomoza, fizi huvimba, udenda hutiririka na mtoto huwa msumbufu. Joto laweza kupanda kidogo, lakini jino halileti homa ya nyuzi 38 wala kuharisha. Kinachotuchanganya ni umri: meno huanza kwenye miezi 6 hivi, wakati uleule kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua na kila anachookota kinaishia mdomoni. Jino limekutwa tu kwenye eneo la tukio.

"Mfunike atoe jasho, homa itatoka." Blanketi hulizuia joto ndani. Mvalishe nguo moja nyepesi na umpe vya kunywa. Kumwogesha maji ya baridi nako humtetemesha, na kutetemeka huzalisha joto jingine. Paracetamol hupimwa kwa uzito, si kwa umri wala kwa jicho: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa kila unaponunua mpya, kwa sababu dawa za maji hutofautiana nguvu. Aspirini si ya watoto. Na mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye nyuzi 38 asisubirishwe hadi kesho.

"Akipata degedege, mtie kijiko mdomoni asimeze ulimi." Ulimi haumezwi. Kijiko huvunja meno na huweza kuziba koo. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa. Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 na mara nyingi hukoma lenyewe. Likivuka dakika 5, ni dharura. Hata likikoma mapema, apimwe chanzo cha homa, hasa penye malaria.

"Kamasi ya kijani inataka antibiotiki." Rangi hiyo huja hata kwa mafua ya kawaida, ambayo ni ya virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kikohozi chake huweza kufika wiki mbili au zaidi bila kuwa na jambo. Asali hutuliza koo, ila kamwe si kwa aliye chini ya mwaka 1: huweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopooza misuli.

Kikohozi kinachotisha hukijui kwa kamasi, unakijua kwa pumzi. Subiri atulie au alale, mpandishe fulana, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni haraka mno. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, acha kuhesabu, mbebe muende.