Facebook haikumng'oa Mubarak

Kila kukizuka jambo katika nchi za Kiarabu, iwe Cairo, Khartoum au Baghdad, makundi yetu ya WhatsApp hujaa wataalamu wa papo kwa papo. Wengi wao hurudia yale yale.

"Mapinduzi ya Misri yalifanywa na Facebook."

Chembe ya ukweli imo. Khaled Said alipouawa na polisi Alexandria, Juni 2010, ukurasa wa Facebook uliobeba jina lake ulivuta mamia ya maelfu ya watu. Aliyeuendesha kwa siri alikuwa Wael Ghonim, mfanyakazi wa Google, na humo ndimo ulimotangazwa mwito wa kuandamana Januari 25, 2011.

Ila polisi nao wanasoma Facebook. Waandaaji walilijua hilo: wakatangaza mtandaoni vituo 20 vya kukutania, polisi wakaenda kuvilinda. Cha 21 hakikutangazwa. Kilikuwa penye duka la vitamutamu huko Bulaq al-Dakrour, mtaa wa walalahoi, na msafara ulioanzia hapo ndio uliopenya hadi Tahrir, uwanja mkuu wa katikati ya Cairo.

Halafu usiku wa kuamkia Ijumaa, Januari 28, serikali ikazima intaneti, na simu za mkononi nazo zikakatwa. Kama Facebook ndiyo ingekuwa injini, gari lingezimika hapo. Badala yake, baada ya swala ya Ijumaa watu walimwagika barabarani kuliko siku zilizotangulia. Mama asiyempata mwanawe kwenye simu atafanya nini kama si kushuka mwenyewe kumtafuta? Intaneti ilirudi Februari 2. Rais Hosni Mubarak aliondoka madarakani tarehe 11.

"Wanawake wa huko mtandaoni ni watazamaji tu."

Waulize maofisa usalama wa Sudan. (Wasudan wenyewe hubishana kama wao ni Waarabu au la, nchi yao imo katika Umoja wa Nchi za Kiarabu, kwa hapa yatosha.) Kulikuwa na kundi la Facebook la wanawake watupu, Minbar Chat, na shughuli yake ilikuwa umbea wa mapenzi. Unaweka picha ya mwanamume uliyempenda, wenzako wanakuletea habari zake zote, kuanzia kama ana mke. Maandamano dhidi ya rais wao, Omar al-Bashir, yalipoanza Desemba 2018, ujuzi ule ule ukapata kazi nyingine. Zikawekwa picha za waliowapiga waandamanaji, na kina dada wakataja jina la mtu na anakoishi. Maofisa wakaanza kuficha nyuso. Sijui chombo gani cha upelelezi kingefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

"Intaneti ikizimwa, ujue ni siasa."

Mara nyingi, naam. Sudan ilizimwa baada ya mauaji ya waandamanaji ya Juni 3, 2019, kwa zaidi ya mwezi. Wakili Abdel-Adheem Hassan aliishtaki kampuni yake ya simu akashinda. Lakini kwa kuwa alifungua kesi kwa jina lake peke yake, laini iliyofunguliwa ikawa yake peke yake! Ikabidi arudi mahakamani kwa ajili ya wengine.

Lakini Iraq imekuwa ikizima intaneti ya nchi nzima kwa saa kadhaa asubuhi kwa sababu ya mitihani ya shule, ili majibu yasivuje. Algeria nayo ilifanya hivyo 2018, miaka miwili baada ya maswali ya mtihani kusambaa Facebook. Mfanyabiashara asiyekuwa hata na mtoto shuleni naye hukaa gizani.

"Vijana wao wameitupa lugha, wanaandika kwa herufi za Kizungu na namba."

Simu na kompyuta za awali hazikuwa na herufi za Kiarabu, basi 3 ikashika nafasi ya herufi ain (ع) na 7 ikawa ha (ح). Lugha ni ile ile. Sisi tulioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi tusingepaswa kushangaa.

"Ghuba kuna pesa, kwa hiyo mtandao wake hauna kikwazo."

Kasi ipo, tena kubwa. Lakini katika Falme za Kiarabu, WhatsApp hupitisha maandishi na sauti zilizorekodiwa, huku simu ya sauti au video ikizuiwa. Zinazoruhusiwa ni programu zenye leseni, kama Botim. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Dubai asipopokea simu ya WhatsApp, usikimbilie kusema ameanza maringo. Mtumie sauti, au weka Botim.