RAM ya 3200 inayosoma 2133 si lazima iwe bandia
Hapa Lubumbashi, mnunuzi anayeona RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya aina ya DDR4 iliyoandikwa kasi ya 3200 ikisoma 2133 huamini upesi kwamba ameuziwa bandia, na shutuma hiyo yaweza kumwonea muuzaji asiye na kosa. Kwa RAM nyingi za namna hiyo, namba ya kibandiko ni kasi iliyojaribiwa kwa volti 1.35, ilhali kompyuta huwaka kwa kasi ya kawaida, kwa volti 1.2, mpaka mwenyewe aingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, na kuwasha XMP, mpangilio wa kasi hiyo ya kibandiko uliohifadhiwa ndani ya RAM. Ikigoma kufika 3200 hata hapo, chunguza kikomo cha prosesa na cha ubao mama, kisha jaribu kila RAM peke yake, hasa ukiwa umechanganya RAM za aina tofauti. Programu ya kukagua RAM ikionyesha 1600, hiyo ndiyo 3200 yenyewe, kwani DDR hupitisha data mara mbili kwa kila mzunguko.